Buluu ya Mzee Idi

Nyinyi mnaorekebisha picha mkiwa mmejilaza kitandani, simu ikijipunguzia mwanga yenyewe bila kuwauliza, halafu picha ikichapishwa vibaya mnamlaumu mwenye printa, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Sina ugomvi na simu. Ninayo moja, na kila nikiipigia maua yangu picha ninabaki kinywa wazi. Ugomvi wangu ni na mtu anayeiamini skrini kwa sababu tu inawaka.

Mimi ni Nasimiyu. Waulizeni wazazi wenu wa Bungoma, watawaambia, "Ah, yule mama mkali wa studio." Ukali naukubali. Nilikaa mbele ya monita miaka mingi, Bungoma kwanza, baadaye Kitale, na kazi yangu ilikuwa moja tu: rangi unayoiona kwenye kioo iwe ndiyo itakayotoka kwenye karatasi. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo, na mimi pia siku ya kwanza niliona hivyo.

Leo nataka kuwaeleza habari ya monita iliyokataa kutulia. Ilikaribia kunitenganisha na Mzee Idi, mtu aliyenifundisha kazi, na ilikaribia kumwondoa yeye mwenyewe katika kazi aliyoipenda kuliko chakula. Nimeisimulia mara nyingi na bado mwili unanisisimka.

Studio ya Mzee Idi ilikuwa karibu na msikiti mjini Bungoma, kati ya duka la vitambaa na fundi wa baiskeli. Yeye alianza zamani, enzi za chumba cha giza na taa nyekundu. Kompyuta zilipoanza kuingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wenzake walicheka wakasema hizo ni za kuandikia barua. Yeye akanunua moja, na monita yake ya kisogo kirefu, nzito kama gunia la mahindi mabichi. Akaniajiri mimi, msichana wa kutoka upande wa Kimilili niliyejua kuchapa na kutumia mausi, basi. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, kwa hiyo studio haikufungwa kamwe. Ijumaa adhuhuri nilishika duka mimi, Jumapili asubuhi alishika yeye.

Hatukuwa na mashine ya kuchapisha picha. Mashine ilikuwa Kitale, na iliendeshwa na dada mmoja aliyeitwa Chebet, mtu wa maneno machache na macho makali. Sisi tulirekebisha picha Bungoma, tukazichoma kwenye CD, tukamtumia Chebet, na kesho yake picha zikarudi kwenye bahasha. Sasa fikirini. Unapaka uso wa bi harusi rangi ukiwa Bungoma, na uso wenyewe utatokea Kitale, mahali usipouona. Kitu pekee kinachokuunganisha na uso huo ni monita. Ikikudanganya, umedanganya harusi nzima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kitoto. Picha zilirudi zikiwa nyekundu kidogo. Tukasema, basi tuifanye monita iwe nyekundu ifanane na picha. Tukabonyeza vitufe mpaka zikafanana, tukafurahi. Chebet naye kule Kitale akaona picha zake nyekundu, akairekebisha mashine yake. Zilizofuata zikarudi zikiwa na ukijani. Tukaifukuza monita kwenye kijani. Chebet akarekebisha tena. Tulifukuzana hivyo, Bungoma na Kitale, mpaka siku moja Chebet akapiga simu, akauliza, "Kwani huko kwenu watu wamekuwa aje? Mimi naona mnaniletea watu wa kila langi bana." Samahani, alisema "rangi". Sisi wa Bungoma ndio tunaosema "langi", na mimi ndimi niliyekuwa nikimsimulia Mzee Idi maneno yake kwa ulimi wangu.

Kutoka siku hiyo tulikubaliana: anayepimwa asimpime anayempima. Mashine ya Kitale itulie peke yake kwanza, na monita ya Bungoma itulie peke yake, kisha ndipo tulinganishe.

Lakini kutulia kwa kipimo gani? Mashine ya Chebet ilikuja na kadi ya majaribio, picha ya mwanamke wa Kizungu aliyekaa kati ya mito ya rangi rangi. Ukiisawazisha mashine mpaka yule mama apendeze, watu wetu wanatoka kama makaa, macho na meno tu. Mzee Idi alikasirika sana. Akamwita mkewe, Bi Zainabu, mweusi wa kung'aa, akamketisha mlangoni pa studio penye mwanga wa asubuhi, akampa sahani nyeupe aishike, akamtandika begani sweta ya shule ya rangi ya maruni, akampiga picha. Nakala moja akaipeleka Kitale mwenyewe.

"Chebet," alimwambia, "mashine yako ikimpata Bi Zainabu, imetupata sote."

Na ikawa kweli. Nawaambia, siku ile nyuso zilizorudi kwenye bahasha nilizitazama moja moja kama mtu anayeona watu wa kwao baada ya safari ndefu. Weusi wa kila aina, mwekundu wa udongo, wa kahawa, wa usiku, kila mmoja na wake. Sikujua kwamba tulikuwa tunakosa kiasi hicho. Nakala yetu tuliihifadhi ndani ya bahasha nyeusi kwenye droo, maana picha ikiachwa mwangani inafifia, na kipimo kilichofifia ni hatari kuliko kukosa kipimo.

Sasa mengine ya kazi, mniruhusu niyamwage tu. Monita zile za kisogo zilihitaji kupashwa moto. Ukiiwasha asubuhi, hasa asubuhi ya baridi ya Kitale, rangi yake ya kwanza ni ya usingizini. Nusu saa hivi ndipo inaamka vizuri. Mimi niliiwasha, nikafagia, nikachemsha chai, nikanywa, ndipo nikaketi. Umeme ukipotea, unaanza upya. Wateja walikuwa wananiona nakunywa chai mara ya tatu wakadhani mimi ni mvivu. Stabilaiza ilitusaidia, maana umeme wetu ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayetafuta mtandao. Dirisha tulilitia pazia zito la kijivu. Kuta, ambazo Mzee Idi alikuwa amezipaka kijani cha kupendeza alichopewa na rafiki yake mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, tulizipaka kijivu pia, na yule rafiki alinuna mwezi mzima. Kuzunguka kioo tulitengeneza kofia ya katoni ya mafuta ya kupikia, ndani tukaipaka masizi, ili mwanga wa taa usidondoke juu ya skrini. Balbu ilikuwa ile ile, mahali pale pale, mchana na jioni.

Na nguo! Wakati mmoja wa kampeni kila mtu mjini alipewa fulana ya bure. Yangu ilikuwa ya rangi kali, ya kuumiza macho, nami nikaivaa kazini maana kitu cha bure hakikatai jasho. Wiki nzima picha zangu zilitoka na ubaridi wa ajabu, zikiegemea buluu. Mzee Idi akasimama nyuma yangu, akatazama kioo, akatazama kifua changu kinavyong'aa kwenye kioo, akasema, "Binti yangu, kura yako ni siri. Vua hiyo." Akanipa koti la kijivu la fundi. Nililivaa mpaka nikastaafu.

Basi, mambo yote hayo tuliyatengeneza. Moto, umeme, dirisha, ukuta, taa, nguo. Na monita bado ikakataa kutulia.

Ilianza polepole. Asubuhi nikiketi naona skrini imekuwa na ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nabonyeza vitufe vya chini, naingia kwenye menyu, napunguza buluu, naendelea na kazi. Kesho yake buluu imerudi. Sikumwambia Mzee Idi, maana kusawazisha asubuhi lilikuwa jambo la kawaida kama kufuta vumbi. Picha zangu zikaanza kurudi kutoka Kitale nyingine sawa, nyingine za njano, watu kama wana homa ya ini. Na za Mzee Idi zikarudi za buluu. Maharusi wake walionekana kama walionyeshewa na mvua wakakosa mahali pa kujikinga.

Mama mmoja kutoka Chwele alikuja kuchukua picha za arusi ya mwanawe, akazitandaza mezani, akazitazama moja moja. Kisha akasema, "Sasa huyu kijana wangu ni mgonjwa ama ni nini? Mbona midomo yake iko hivi? Si atanyimwa watoto?" Mzee Idi alishika picha ile karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mama, mimi naiona sawa."

"Sawa wapi, Mzee? Ati sawa!"

Akamwita mke wa fundi baiskeli aje aone. Naye akasema ni buluu. Mzee Idi aliirudia kazi ile yote bila kudai chochote, na akarudisha zile zile. Mwishowe nilizifanya mimi. Tangu siku hiyo wateja wakawa wanauliza mlangoni, "Ni nani atashika picha yangu?" wakitaka kusikia jina langu. Nilitamani ardhi inimeze. Huyu ni mtu aliyewapiga wazazi wao picha za ubatizo, na sasa wanamruka kama maji ya mtaro.

Yeye aliamini kuna mtu anachezea monita. Na mtu mwenyewe ni nani, kama si mimi? Hakuna mwingine aliyekaa pale. Aliniuliza siku moja, kwa upole uliozidi kuniuma, "Nasimiyu, kila nikikaa naikuta ya njano. Wewe unafanya nini na hiki kitu?"

"Naipunguza buluu, Mzee. Kila nikikaa naikuta buluu."

Tukatazamana. Kumbe yeye aliongeza, mimi nikapunguza, yeye akaongeza, mimi nikapunguza, kila mmoja akidhani monita inatembea yenyewe. Tungeweza kucheka. Lakini yeye alisikia kwamba msichana aliyemfundisha anayasahihisha macho yake, na mimi nilisikia kwamba nimeharibu kazi ya mwezi mzima. Hakuna aliyecheka.

Akachukua gamtepu, ule utepe wa gundi, akaifunika sehemu yote ya vitufe, monita ikiwa vile vile nilivyoiacha asubuhi ile, kisha akatia sahihi yake juu ya gamtepu kama wanavyofanya kwenye bahasha za mitihani. Akasema, "Hii ikiguswa, na wewe utafute kiti kingine." Akatoka kwenda kuswali.

Nililia, sitawaficha. Nikampigia Chebet simu. Nikamwambia naondoka, nitakuja Kitale anitafutie kazi. Chebet akaniambia nisiondoke mpaka aje. Alikuwa amepata kidude kipya kutoka Nairobi, kidogo kama panya na mkia wake wa waya, ambacho unakitundika juu ya kioo cha monita nacho kinasoma rangi chenyewe, hakina siku ya uchovu wala siku ya hasira.

Alikuja siku ya soko. Mzee Idi alimpokea vizuri, maana alimheshimu. Chebet alikitundika kile kidude, akafunga pazia, tukakaa gizani sisi watatu. Skrini ikawa nyekundu nzima, ikawa kijani nzima, ikawa buluu nzima, ikawa kijivu cha kila daraja kutoka weusi mpaka weupe. Nyinyi mmezoea. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona rangi zikiitwa moja moja kama watoto wa darasa, kila moja ikijibu jina lake. Nilisahau shida yangu. Nilisahau hata kupumua vizuri.

Gamtepu ilikuwa haijaguswa, sahihi ilikuwa nzima. Na Chebet akasema, "Mzee, hii monita iko sawa kabisa. Mimi sijaona ingine imetulia hivi. Hata yangu ya Kitale haifiki."

"Lakini ni ya njano," Mzee Idi akasema.

Chebet hakubisha. Akakifungua kipochi chake, akatoa karatasi mbili za kufungia picha, akaziweka mezani chini ya dirisha, akafungua pazia. "Mzee, nisaidie kidogo. Gani nyeupe?"

Akaziinamia. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine ilikuwa ya njano hafifu kama siagi, mtoto angeijua akiwa mlangoni. Mzee Idi akazishika, akazisugua kwa kidole kana kwamba tofauti iko kwenye ngozi ya karatasi. "Zote," akasema.

Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelicheka. Ijumaa kadhaa zilizopita rafiki zake walikuwa wamemtania msikitini, pale wanapovua viatu, kwamba amevaa soksi moja nyeusi na nyingine ya buluu iliyokolea. Alikuja studio akanionyesha, "Eti hizi ni tofauti?" Nilidhani anatania. Nilicheka naye.

Nani atamwambia mzee kwamba macho yake yamebadilika, na macho ndiyo maisha yake? Mimi nilitazama sakafu. Chebet naye alikuwa anakunja waya wa kile kidude polepole sana. Mzee Idi mwenyewe alinyoosha mkono akakichukua kile kidude kutoka kwa Chebet, akakitazama.

"Hiki hakiwezi kutundikwa kwenye jicho langu?"

Tulicheka, na yeye akacheka, kisha sauti yake ikakatika. Akaketi. Akaniambia, "Nasimiyu mwanangu, nimekutukana bure."

Daktari wa macho kule Kitale alituambia ni mtoto wa jicho. Alitueleza kwamba ndani ya jicho kuna kioo kidogo, na kwa wengine kioo hicho huzeeka kikageuka rangi kidogo kidogo, kutoka maji safi kuwa chai. Kwa kuwa hugeuka polepole, mwenyewe hajui. Rangi inayokwenda kwanza ni buluu. Wanaweza kukitoa na kuweka kingine cha kutengenezwa. Nilipoyasikia hayo nilimgeukia Mzee Idi, nikadhani atashukuru. Akasema hapana.

Aliogopa, na mimi nilimwelewa. Fundi wa rangi ukimwambia utamtia kisu jichoni ni sawa na kumwambia mpiga ngoma utamkata mikono kisha utaishona. Kwa wiki nyingi alikuja studio, akaketi mbele ya dirisha badala ya mbele ya monita, akapokea wateja, akawaambia, "Nasimiyu atawashughulikia." Hakuigusa mausi. Nilifanya kazi nikisikia kiti chake kikilia nyuma yangu kila akigeuka. Wateja walirudi, picha zikawa sawa, na mimi sikuwahi kuwa na huzuni kama ile.

Bi Zainabu ndiye aliyemshinda. Aliingia studio siku moja amevaa dera jipya, akasimama mbele yake. "Hii ni rangi gani, baba Salma?"

"Kijivu."

"Nimevaa buluu kwa ajili yako," akamwambia, "na wewe unaniona kijivu. Twende Kitale."

Wakamfanyia jicho la kulia kwanza. La kushoto waliliacha mpaka la kwanza lipone. Nilikuwepo na Bi Zainabu asubuhi muuguzi alipotoa bandeji. Mzee Idi alifumba jicho, akalifumbua kidogo, akalifumba tena. Akatazama ukuta. "Hizi kuta ni nyeupe hivi?" Akamtazama muuguzi, akatazama shuka, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma. Kisha akamtazama Bi Zainabu kwa muda mrefu mpaka yule mama mtu mzima akajifunika uso kwa mtandio, akasema, "Wacha bana, watu wanaona."

Tulipotoka nje mbingu ya Kitale ilikuwa imefunguka, na upande ule Mlima Elgon ulikuwa umesimama bila wingu hata moja. Akasimama katikati ya njia, watu wakampita huku na huku. Machozi yakamtoka jicho la kulia tu, lile jipya. Nikamwuliza kama linauma.

"Haliumi. Lakini wamezidisha," akasema. "Nasimiyu, ingekuwa wewe ndiye umeitengeneza hii picha, ningekurudisha ukapunguze buluu."

Alifunika jicho moja kwa kiganja, akafunika la pili, akarudi la kwanza, kama mtoto anayecheza. Mtu mmoja aliyekuwa na dunia mbili kichwani, na kuhama kati yake ni kuinua mkono tu. Hadi leo sijui niseme nini juu ya jambo hilo. Huwa natazama vitu vya kawaida, beseni la plastiki, kola ya sare ya shule, nikajiuliza ninaviona mimi kama vilivyo, ama nami nina chai yangu ndani ambayo hakuna aliyeipima.

Siku chache kabla ya jicho la pili, alikuja studio mapema. Alinikuta nakunywa chai, monita ikipata moto. Akaniomba picha yoyote ya wiki ile, iliyochapishwa na ambayo bado ipo kwenye kompyuta. Nikampa ya watoto wa chekechea, wamevaa sweta za buluu ya mbingu na soksi nyeupe, wamejipanga mbele ya ukuta wa mabati. Akaiweka karatasi dirishani. Akaifungua ile ile kwenye skrini. Kisha, mbele ya macho yangu, akaibandua ile gamtepu yenye sahihi yake.

"Mzee, unafanya nini? Kesho nina arusi!"

"Kaa kimya kidogo. Hili jicho wanalitoa Alhamisi. Wakishalitoa, hata mimi sitaona tena hivi."

Akafunika jicho jipya kwa kiganja, akaitazama karatasi dirishani kwa lile la zamani. Akabadilisha mkono, akaitazama skrini kwa lile jipya, akapunguza buluu. Akarudi kwenye karatasi, jicho la zamani. Akarudi kwenye skrini, jicho jipya, akapunguza tena, akagusa kijani kidogo, akapunguza mwanga. Alikwenda na kurudi hivyo kwa uvumilivu ule ule aliokuwa akinifundisha nao, akilinganisha, akitikisa kichwa, akibonyeza mara moja, akirudi nyuma. Sijawahi kuona monita ikisawazishwa kwa makini kama siku hiyo, na ilikuwa inasawazishwa iwe mbovu.

Mwishowe akaridhika. Akainuka, akanivutia kiti.

"Njoo ukae."

Nikaketi. Watoto walikuwa pale pale, lakini jua lao lilikuwa la jioni ya vumbi. Sweta zilikuwa za rangi ya majivu yaliyolowa. Soksi zilikuwa za chai. Mbingu juu ya mabati haikuwepo kabisa, palikuwa na kitu kama karatasi kuukuu. Niliwatafuta wale watoto nyuso, nikazipata kwa shida, na nikaelewa kwamba humo ndimo alimoketi akitengeneza maharusi, akibishana na mama wa Chwele, akiniambia nitafute kiti kingine. Humo ndimo alimomtazama mkewe.

"Mzee," nikamwambia, "ulikuwa unawezaje kufanya kazi humu?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Sikujua niko humu," akasema.

Kisha akanyoosha mkono juu ya bega langu kwenda kwenye vitufe, airudishe ilivyokuwa, maana kweli nilikuwa na arusi kesho yake. Nikamshika mkono. Nikamwomba asubiri kidogo, bado nilikuwa natazama.